Akaunti ya picha za fisi inayojituma yenyewe: nianzie wapi, na huharibikia wapi?

nyasi_kavu

Wakuu, salaam. Nataka kufungua akaunti ya mashabiki wa fisi: picha moja kila saa, maneno machache, inajiendesha yenyewe usiku na mchana, kama zile za mbweha na oposamu zilizojaa mitandaoni. Nalenga Bluesky na Mastodon kwanza, Instagram baadaye. Python naijua ya kutosha kuandika skripti ndogo.

Nilivyonavyo ni folda ya picha 900 hivi zilizokusanywa kwenye utafutaji wa picha, na Raspberry Pi 4 (ile kompyuta ndogo) iliyokaa bure. Maswali yangu:

Picha hizo zinafaa, au nitafute kwingine? Skripti ikae kwenye Pi au GitHub Actions (huduma ya GitHub ya kuendesha skripti kwa ratiba), ukizingatia umeme wa huku kwetu? Kwa nini akaunti nyingi za aina hii hurudia picha ileile ndani ya siku moja, au hutuma mara mbili mfululizo, kisha hunyamaza mwezi mzima bila mwenyewe kujua? Na X (zamani Twitter) bado ina faida kwa roboti isiyolipiwa?

Leseni_Kwanza

Mkuu, anza na folda. Kutuma picha ni mistari thelathini ya Python, kazi yenyewe ni kujua picha ni ya nani. Hiyo folda iweke pembeni yote. Picha iliyookotwa kwenye utafutaji imekwisha kupoteza jina la mpiga picha, leseni na ukurasa wake wa asili, na hakuna njia ya uhakika ya kuvirudisha baadaye. Siku mtu atakapodai "hii ni yangu" huna cha kumjibu.

Vyanzo viwili vinakutosha kwa fisi: Wikimedia Commons na iNaturalist.

Kule Commons jamii za picha za wanyama hufuata majina ya kisayansi, kwa hiyo tafuta Crocuta crocuta, Hyaena hyaena na Parahyaena brunnea. Ombi moja kwenye API yao (mlango wa programu kuomba data) linaleta faili pamoja na taarifa zake zote:

`action=query&generator=categorymembers&gcmtitle=Category:Crocuta crocuta&gcmtype=file&gcmlimit=50&prop=imageinfo&iiprop=url|size|mime|sha1|extmetadata&format=json`

Fuata `gcmcontinue` hadi iishe. Ndani ya `extmetadata` chukua `Artist`, `LicenseShortName` na `LicenseUrl`, na nje yake chukua `descriptionurl`, ndiyo ukurasa wa kuelekeza watu. `Artist` mara nyingi huja imevikwa alama za HTML, zivue kabla ya kuhifadhi, la sivyo utatuma chapisho lenye mabaki ya kiungo katikati ya jina la mtu. Kwenye `User-Agent` taja jina la roboti na anwani ya kukupata, kwa sababu maombi yasiyojitambulisha huzuiwa.

Usishuke kwenye jamii ndogo ukiwa umefumba macho. Ngazi ya pili au ya tatu unaanza kuokota mafuvu ya makumbusho, ramani za maeneo wanamoishi, stempu na nembo. Chuja kwanza kwa `mime` iwe `image/jpeg` na upana usiopungua pikseli 1200. Hapo ramani nyingi zinaanguka zenyewe maana huwa ni SVG au PNG. Mafuvu utayatoa kwa macho.

iNaturalist ina picha nyingi zaidi za porini, ila leseni yake ya kawaida kwa asiyebadilisha mipangilio ni CC BY-NC, mojawapo ya leseni za Creative Commons, yaani hairuhusu matumizi ya kibiashara. Leo akaunti yako haina pesa, kesho unaweka kiungo cha michango au unajiunga na mgao wa matangazo, na kila picha ya NC uliyokwisha kutuma inageuka swali. Omba `quality_grade=research` na `photo_license=cc0,cc-by` tangu mwanzo (CC0 haina masharti, CC BY inadai utaje mwenye picha). Angalia isije ikawa `license` peke yake: hiyo ni leseni ya taarifa ya kuonekana kwa mnyama, siyo ya picha, na mbili hizi zinaweza kutofautiana kwenye ukurasa mmoja. Kasi wanayoitaka ni ombi moja kwa sekunde, na maombi yasiyozidi 10,000 kwa siku.

Jambo dogo linalowaangusha wengi: kiungo cha picha kinachorudi kwenye majibu yao huwa cha ukubwa wa `square`, pikseli 75. Badilisha neno hilo ndani ya kiungo liwe `large` (1024) au `original` (hadi 2048). Ukiona akaunti ya wanyama inayotuma vijipicha vyenye ukungu, shuku hapo kwanza.

Masharti ya CC BY ni jina la mpiga picha, jina la leseni na kiungo chake, kiungo cha chanzo, na kusema kama umebadilisha kitu, mfano umekata kingo. Toleo la leseni lina uzito. CC 4.0 inakupa siku 30 za kurekebisha kosa tangu uligundue, na haki yako inarudi. Matoleo ya 2.0 na 3.0 hayana nafasi hiyo, na wapo watu ambao biashara yao ni kuwinda makosa madogo kwenye picha za 2.0 na kudai fidia. Ningeanza na CC0 na CC BY 4.0 tu, nyingine zije baadaye.

Kwa wanaosoma wakitaka kuiga hili kwa wachezaji mpira au wasanii: huko ni pagumu zaidi. Picha za mechi ni mali ya wapiga picha na mashirika ya habari, na klabu kuiweka picha kwenye ukurasa wake hakukupi wewe ruhusa ya kuibandika kwako kila saa. "Picha kwa hisani ya mwenyewe" si leseni.

Fundi_Foleni

Nakubaliana na aliyetangulia. Naingia kwenye kurudia na kutuma mara mbili. Ni magonjwa mawili tofauti na kila moja lina dawa yake.

Kurudia kunatokana na `random.choice`. Watu wanadhani ukiwa na picha 700 na kutuma 24 kwa siku, kugongana ni bahati mbaya ya nadra. Piga hesabu: uwezekano wa angalau picha moja kujirudia ndani ya siku hiyohiyo ni karibu theluthi moja. Usichague kwa bahati nasibu kila mara. Changanya orodha nzima mara moja, ihifadhi kama foleni, itumie hadi iishe, kisha changanya upya. Mzunguko mpya ukianza, zile zilizotumwa karibuni (robo ya mwisho ya mzunguko uliopita) zisukume nyuma, vinginevyo picha ya mwisho ya jana inaweza kuwa ya kwanza leo.

Kurudia pia hutokana na picha pacha. `sha1` (alama ya utambulisho ya faili) inakamata faili zinazofanana baiti kwa baiti tu. Picha ileile iliyopunguzwa ukubwa, au fremu kumi za fisi mmoja zilizopigwa sekunde moja, zinapita. Tumia maktaba ya `imagehash`, hashi ya `phash` yenye biti 64, na kila jozi inayotofautiana kwa biti 6 au pungufu iangalie mwenyewe. Usiruhusu programu ifute peke yake, maana fisi wawili kwenye nyasi za rangi moja hukaribiana sana.

Kutuma mara mbili ni suala la mtandao. Skripti inatuma, seva inapokea na kuchapisha, halafu jibu linapotelea njiani. Skripti inaona muda umeisha, inajaribu tena, mashabiki wanaona fisi wawili. Mastodon wameliona hilo: tuma kichwa cha `Idempotency-Key` chenye thamani isiyobadilika kwa chapisho hilo (mimi hutumia namba ya safu kwenye hifadhidata pamoja na tarehe), na ukijaribu tena utarudishiwa chapisho lilelile. Bluesky haina kichwa kama hicho, kwa hiyo kabla ya kurudia soma machapisho yako ya mwisho kwa `app.bsky.feed.getAuthorFeed` uone kama limeingia. Pia ifunge skripti na `flock -n` ili mbili zisiende sambamba pale ya kwanza inapochelewa.

Kumbukumbu weka kwenye SQLite (hifadhidata ya faili moja), jedwali moja: `sha1`, njia ya faili, mpiga picha, leseni, kiungo cha leseni, kiungo cha chanzo, maelezo ya picha, hali, idadi ya majaribio, muda wa kutumwa, na anwani ya chapisho. Safu ya hali iwe na maneno manne: tayari, inatumwa, imetumwa, mbovu. Andika "inatumwa" kabla hujagusa mtandao, "imetumwa" baada ya kupata anwani. Ukikuta "inatumwa" wakati skripti inaanza, ujue safari iliyopita ilikatika katikati, hapo ndipo unapokagua kabla ya kurudia.

Safu ya majaribio usiiache. Picha moja mbovu ikikaa mbele ya foleni, kila safari inakufia palepale na akaunti inanyamaza milele huku ratiba ikiendelea vizuri tu. Ikishindwa mara tatu, ipe hali ya "mbovu" na uende kwenye inayofuata.

Utayarishaji wa picha kwa Pillow (maktaba ya picha ya Python), na mpangilio wake usiubadilishe:

1. `ImageOps.exif_transpose`, ili fisi asilale ubavu. Ukifuta EXIF (taarifa ambazo kamera huandika ndani ya faili) kabla ya kuzungusha, mwelekeo umepotea.
2. Geuza rangi ziwe sRGB kwa `ImageCms` kama picha ina wasifu mwingine wa rangi, kisha `convert("RGB")`. Hapo JPEG za CMYK na PNG zenye uwazi ndizo husumbua. PNG yenye uwazi ibandike juu ya mandhari nyeupe kwanza, usipofanya hivyo uwazi unaweza kuja mweusi.
3. Punguza upande mrefu uwe pikseli 2000.
4. Hifadhi JPEG ya ubora 85 bila EXIF. Ikizidi baiti 950,000 shusha ubora kwa 5 hadi iingie. Ukifika 60 haijaingia, punguza pikseli badala ya ubora.

Namba 950,000 imetokana na kikomo ambacho Bluesky walikuwa nacho kwa muda mrefu, baiti 1,000,000 kwa picha. Hiyo si 1,048,576, na tofauti hiyo imewakwaza watu wengi wanaosoma "MB 1" kwenye kompyuta zao.

Kutuma kwenyewe: kwa Bluesky tengeneza nywila ya programu kwenye mipangilio, usitumie nywila yako halisi. `createSession`, kisha `uploadBlob`, kisha `createRecord` kwenye `app.bsky.feed.post` ukiwa na `app.bsky.embed.images`. Jaza `alt` (maelezo ya picha kwa wasioona), jaza `aspectRatio` (usipoijaza picha hukatwa ovyo kwenye baadhi ya programu), na `langs: ["sw"]` ukiandika Kiswahili. Kikomo cha machapisho hutakigusa: kila chapisho ni pointi 3 kati ya 5,000 za saa. Cha kuogopa ni `createSession`, mara 30 kwa dakika tano na 300 kwa siku. Unapofanya majaribio ndani ya kitanzi unakiishia haraka, halafu unadhani umefungiwa. Hifadhi kikao na ukitumie tena.

Kwa Mastodon tokeni (ufunguo wa programu) hupatikana kwenye sehemu ya maendelezo ya mipangilio. Chagua `write:media` na `write:statuses`, basi. Picha inaenda `/api/v2/media`. Jibu likiwa 202 bado inachakatwa: uliza `/api/v1/media/` na namba yake hadi upate 200 ndipo utume chapisho. Ukiharakisha unapata 422 na kuhangaika na msimbo usio na kosa.

Pori_kwa_Pori

Wenzangu wamesema mitambo, acha niseme mnyama. Akaunti ya mashabiki wa fisi ikituma mbwa mwitu mara mbili, imekwisha. Mashabiki wa mnyama mmoja ni wakali kuliko wa timu.

Fisi wako wa aina nne. Fisi madoa, fisi miraba, fisi kahawia, na fisi wa nkole mla mchwa, ambaye ni mdogo na anafanana na fisi miraba aliyepungua. Mbwa mwitu wa Afrika, Lycaon pictus, si fisi hata kidogo ingawa kwa Kiingereza wengi humchanganya. Na ukitafuta kwa Kiswahili, jihadhari na fisi-maji, huyo anayekula samaki mtoni: ukiacha neno "fisi" peke yake lichuje, utampata naye. Ndiyo maana jina la kisayansi ndilo liwe kigezo.

Picha za akili mnemba zimeingia hata kwenye maktaba za bure. Angalia miguu kwanza: fisi madoa ana vidole vinne kila mguu. Angalia mgongo unaoshuka kuelekea nyuma, na madoa yasiyo na umbo la waridi kama ya chui. Picha ya iNaturalist yenye tarehe, mahali na uthibitisho wa watu wengine ina uwezekano mdogo sana wa kuwa ya kubuni.

Maelezo ya picha kwa wasioona yaandike wewe, usiachie mashine. Mashine itakuandikia "mbwa amesimama kwenye nyasi". Sentensi moja au mbili: mnyama gani, anafanya nini, yuko wapi, mwanga wa namna gani. Mfano: "Fisi madoa mzima amelala kwenye dimbwi la matope, kichwa kimeinuliwa, masikio ya mviringo yametazama mbele, nyuma yake ni nyasi fupi za kijani." Usiandike dume au jike kwa kutazama tu. Jike wa fisi madoa ana viungo vya nje vinavyofanana na vya dume, na hata watafiti hawakisii kwa picha moja. Ukiandika maelezo 20 kwa kikao unabaki mbele ya foleni bila kuchoka. Ukiahidi kuyaandika "baadaye" yatabaki tupu yote.

Fisi hula mizoga, na picha hizo ni nzuri, lakini si kila mtu anataka utumbo wa nyumbu kwenye chai ya asubuhi. Tenga safu ya `damu` kwenye jedwali. Ikiwa ni ndiyo, Bluesky unaweka lebo ya `graphic-media` kwenye chapisho, Mastodon unaweka `sensitive` na neno la tahadhari. Kufuta EXIF pia kuna faida nyingine: baadhi ya picha hubeba viwianishi vya GPS vya mahali zilipopigwa, na pango la fisi miraba, ambaye idadi yake inatia wasiwasi, si mahali pa kutangazia dunia.

Kuhusu kila saa: punguza. Picha 24 kwa siku ni 8,760 kwa mwaka, na picha nzuri za fisi zenye leseni safi hazifiki huko. Sita kwa siku ni 2,190. Ukiwa na 700 zilizopita mchujo unazunguka karibu miezi minne kabla ya kurudia. Picha za fisi kwenye vizimba vya bustani za wanyama mimi ningezitoa, ila hilo ni la kwako kuamua.

mtambo_wa_usiku

Wapi iendeshwe. Zote mbili zinafaa, kila moja ina mtego wake.

GitHub Actions: ratiba yake kwa kawaida inasoma saa za UTC, sisi tuko mbele kwa saa tatu. Hapa Waswahili tunajichanganya mara mbili: saa moja asubuhi ni 7:00 ya Kizungu, ambayo ni 4:00 UTC. Kwa picha sita kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, kila baada ya saa tatu, andika:

`17 4,7,10,13,16,19 * * *`

Dakika ya 17 nimeichagua makusudi. Mwanzo wa saa dunia nzima inajaribu kuendesha kazi zake na yako huchelewa, wakati mwingine huangushwa kabisa. Ukiwa na hifadhi ya wazi (public repository), ratiba huzimwa baada ya siku 60 bila shughuli yoyote ndani ya hifadhi hiyo, na ukimya wa akaunti nyingi chanzo chake ni hicho. Kwa kuwa mashine yao hufutwa kila kazi inapoisha, faili yako ya SQLite lazima irudishwe kwenye hifadhi kwa `commit` baada ya kila picha, na `commit` hizo ndizo zinazohesabika kama shughuli. Usipoirudisha, roboti itatuma picha ileile ya kwanza kila siku. Nywila na tokeni ziweke kwenye Secrets, zisiguse msimbo. Picha 700 za chini ya baiti 950,000 ni kama MB 650, bado zinabebeka, ila usiende mbali zaidi ya hapo kwenye Git.

Raspberry Pi: tatizo la umeme si kuzimika kwenyewe, ni kinachofuata. Pi 4 haina betri ya saa. Umeme ukirudi kabla ya intaneti, Pi inaamka ikidhani ni tarehe ya zamani, vyeti vya usalama vya seva vinakataliwa kwa kuwa "bado havijaanza", au mbaya zaidi chapisho linaondoka na `createdAt` ya juzi na halionekani na mtu. Tumia kipima muda cha systemd badala ya cron (vyote ni vya Linux vya kuendesha kazi kwa ratiba), huduma iwe na `After=time-sync.target` na uwashe `systemd-time-wait-sync`. Kwenye kipima muda weka `Persistent=true`: kama saa ya kutuma ilipita Pi ikiwa imezimika, itatuma picha moja tu inapoamka, siyo zote zilizokosekana. Kadi ya microSD nayo huharibika kwa kukatiwa umeme wakati wa kuandika. Hamishia hifadhidata kwenye flash ya USB au SSD, na nakala yake moja ya kila usiku iende nje ya nyumba. Tumia chaja yenye volti 5 na ampia 3, siyo ya simu ya zamani.

Ningekuwa na uhakika wa umeme ningechagua Pi. Bila huo, GitHub.

Ukimya usigundue kwa bahati. Weka mlinzi anayekaa mahali tofauti na roboti: kama roboti iko kwenye Pi, mlinzi awe GitHub, au kinyume chake. Anasoma machapisho ya akaunti kupitia `public.api.bsky.app`, hahitaji nywila, anatazama tarehe ya la mwisho, na likiwa na zaidi ya saa 10 anakutumia ujumbe wa Telegram. Kumi kwa sababu kati ya picha ya saa nne usiku na ya saa moja asubuhi kuna saa tisa. Ukiweka nne utaamshwa kila alfajiri na mwisho utamzima mlinzi mwenyewe.

Adabu ya majirani, kwa ufupi. Mastodon: seva ya botsin.space, iliyokuwa nyumba ya roboti nyingi, ilifungwa Desemba 2024, kwa hiyo soma kanuni za seva unayoijia uone kama inakubali roboti. Weka alama ya akaunti inayojiendesha kwenye wasifu, na machapisho yawe `unlisted` ili usijaze ukuta wa seva nzima. Bluesky: jiwekee lebo ya `bot` kwenye wasifu, na roboti isipende, isijibu wala kurudia machapisho ya mtu ambaye hakuitaja. Kwenye wasifu andika nani anaiendesha na mpiga picha afanye nini akitaka picha yake iondolewe. Akiomba, ondoa kwanza, mjadala baadaye, na safu yake kwenye jedwali iandikwe "mbovu" isirudi mzunguko ujao.

X: tangu 2023 walipofunga API ya bure ya zamani, roboti za picha zilikufa kwa wingi, na viwango na bei vimebadilika mara kadhaa tangu hapo. Kwa akaunti isiyo na pesa ningeiacha. Ukienda, ipo sehemu ya kutangaza kuwa akaunti inajiendesha, nayo huunganishwa na akaunti ya mtu anayeisimamia.

Instagram inawezekana lakini ina ushuru wake. Lazima akaunti iwe ya kitaalamu, picha iwe JPEG iliyokaa kwenye anwani ya wazi ya intaneti (hupakii faili, wao ndio wanaichukua), unaunda kontena kwanza kisha unaichapisha, na tokeni ya muda mrefu huisha baada ya siku 60. Andika kazi ya kuifanya upya kila siku 30, la sivyo miezi miwili baadaye utarudi hapa kuuliza kwa nini imenyamaza.

nyasi_kavu

Asanteni wakuu, folda imefutwa. Nimeanza na Commons, mchujo wa kwanza unaenda vizuri. Swali moja: kwenye Bluesky nimeweka jina la mpiga picha na neno la leseni liwe kiungo. Kwa wapiga picha wengine kinakaa sawasawa, kwa wengine kiungo kinaanza herufi moja au mbili nyuma, kinameza nafasi na kuacha herufi ya mwisho nje. Nimehesabu urefu wa maandishi mara nyingi na uko sahihi.

Fundi_Foleni

Unahesabu herufi, Bluesky inahesabu baiti za UTF-8. Jina lenye "ü" au "é" lina baiti moja zaidi kwa kila herufi ya namna hiyo, na jina la Kijapani ni baiti tatu kwa kila alama. Kwa hiyo kila kinachofuata baada ya jina hilo kinasogea. Hesabu hivi:

`mwanzo = len(kabla.encode("utf-8"))`
`mwisho = mwanzo + len(neno.encode("utf-8"))`

Ndiyo `byteStart` na `byteEnd` zako ndani ya `facets`, sehemu ya chapisho inayobeba viungo. Kikomo cha chapisho zima kinahesabiwa kwa namna nyingine tena, alama 300 kama jicho linavyoziona, kwa hiyo usitumie hesabu hii ya baiti kukata maandishi. Maandishi yakizidi, punguza maneno yako mwenyewe. Jina la mpiga picha usiliguse.

Na usijaribu kuweka kadi ya kiungo pamoja na picha. Chapisho la kawaida linabeba kimoja tu, kwa hiyo chanzo na leseni vibaki ndani ya maandishi. Umbo linalotosha ni: "Fisi madoa. Picha: jina la mpiga picha, CC BY 4.0, Wikimedia Commons", ambapo "CC BY 4.0" inaelekea kwenye ukurasa wa leseni na "Wikimedia Commons" kwenye `descriptionurl` ya picha hiyo.

Leseni_Kwanza

Ongeza "imepunguzwa ukubwa" au "imekatwa kingo" pale ulipokata kweli. Na kabla ya kuwasha ratiba, toa picha kumi kwa bahati nasibu kutoka kwenye jedwali, fungua kurasa zake za asili, linganisha jina na leseni kwa macho. Ikitoka hata moja isiyolingana, kosa liko kwenye msimbo wa kuvuna na limegusa nyingine nyingi: vuna upya jamii nzima, usirekebishe hiyo moja.